Jeraha Linapopata Sauti



Ndugu wapendwa, hapa Wampembe tumezoea kumwambia aliyepatwa na msiba mzito: “Jikaze, sahau.” Twasema kwa upendo. Hata hivyo, historia ya mwambao wetu yatufundisha kwamba jeraha la nafsi haliponi kwa kunyamazishwa.

Wengi wetu twalijua jina la Atiman kwa sababu ya hospitali ya Sumbawanga. Adrian Atiman alizaliwa mbali sana, karibu na Timbuktu. Alitekwa angali mtoto, akauzwa, akavushwa jangwa la Sahara, hadi Mapadre Weupe walipomkomboa. Alisomea udaktari Malta, na mwaka 1889 akafika Karema, kaskazini mwetu kando ya Ziwa hili hili la Tanganyika. Huko alikuwa katekista na daktari hadi kufa kwake mwaka 1956. Mwaka 1946 masimulizi ya maisha yake, aliyoyatoa mwenyewe, yalichapishwa katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Mtoto aliyepangiwa bei na wengine sasa alikuwa mwenye neno: yeye ndiye aliyechagua pa kuanzia na pa kukomea.

Lakini watumwa walio wengi hawakuacha hata ukurasa mmoja. Nani atawasemea? Huko Mkunazini, Unguja, soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873, na mahali pake pakajengwa kanisa kuu la Waanglikana. Kando ya kanisa hilo, mwaka 1998, msanii Clara Sörnäs wa Uswidi aliweka sanamu za watu watano ndani ya shimo, wenye minyororo shingoni. Hakuonyesha mjeledi wala damu. Twaziona nyuso tu, nasi twalazimika kuinamisha vichwa ili tuzitazame. Sanaa ya namna hii haiondoi uchungu. Huupatia mahali, ili asiubebe mtu peke yake.

Kanisa lalijua jambo hili tangu kale. Zaburi za maombolezo zimo katika sala zetu, na Bwana Mfufuka hakumficha Tomaso makovu yake.

Basi, juma hili, mjane ambaye mumewe alimezwa na Ziwa akianza kusimulia, au bibi akiimba wimbo wake wa huzuni, tusimkatize. Asiye tayari kusema, tusimlazimishe. Tuketi naye tu.

Mungu awabariki.