Ndege ya Mombasa na Roketi ya Ngomeni

Pwani ya Kenya kuna hadithi inayosimuliwa kwa uhakika wa ajabu. Usiku wa Sikukuu ya Jamhuri mwaka 1970, abiria wa ndege ya Mombasa waliiona roketi ikipanda kutoka baharini, moto ukipasua giza chini ya mbawa. Mzee aliyenisimulia anasema alikuwa mmoja wao, kwenye kiti cha dirishani, upande wa kulia. Sikumbishia. Nilimuuliza tu: mzee wangu, ilikuwa saa ngapi?

“Saa nne na ushei usiku,” akajibu bila kusita. Nikaenda kwenye maandishi. Setilaiti iliyorushwa siku hiyo ni Uhuru, ya kwanza duniani kuundwa mahsusi kwa kuchunguza miali ya eksirei inayotoka anga za mbali. Ilipewa jina hilo kwa kuwa Kenya ilikuwa inatimiza miaka saba ya uhuru. Tarehe inakubali: Jumamosi, 12 Desemba 1970. Saa ndiyo inayogoma. Kumbukumbu zinasema 10:53, kwa majira ya Greenwich. Ongeza saa tatu, unapata saa saba na dakika 53 mchana, jua likichoma. Hilo giza lilitoka wapi?

Jibu jepesi lipo. Mtu alisoma 10:53 akaidhania saa nne na dakika 53 usiku za hapa kwetu, akaisimulia hivyo, na hadithi ikavikwa giza. Makosa ya majira yameharibu tarehe nyingi kuliko panya walivyoharibu majalada. Lakini mzee ana jambo moja ambalo halimo kwenye jedwali lolote la saa. Anasema moto ulizimika, kisha ukawaka tena juu zaidi, mdogo. Roketi ya Scout, iliyoibeba Uhuru, ndivyo ilivyokuwa: hatua nne za fueli yabisi, moja ikimaliza kazi inayofuata inawaka. Nani alimfundisha hilo kama hakuliona?

Nikashika njia ya Ngomeni, mahali roketi hiyo iliporushwa, kaskazini ya Malindi, kupita mashamba ya chumvi. Majukwaa ya Waitaliano, San Marco na Santa Rita, yamesimama majini katika Ghuba ya Ungwana kwa miguu ya chuma. Mahali palichaguliwa kwa hesabu. Karibu na ikweta dunia inajizungusha kwa takriban kilomita 1,670 kwa saa, na roketi inayoelekea mashariki hupata msukumo huo bure. Mbele yake ni bahari tupu, vipande vinaangukia majini. Mvuvi mmoja aliyekuwa akishona wavu wake pale ufuoni alinyoosha kidole kuelekea majukwaa: “Zote sisi tuliziita Uhuru.” Zote? Kati ya 1967 na 1988 zilipanda setilaiti tisa kutoka pale, na hata madai kwamba Uhuru ilikuwa ya kwanza kurushwa hapo hayasimami, maana San Marco 2 iliitangulia tarehe 26 Aprili 1967. Basi kati ya hizo tisa, zipi zilirushwa usiku?

Ni tatu. Ya Novemba 1972 na ya Mei 1975 ziliondoka saa saba usiku imekwishapita, wakati ambao mzee hawezi kuuita saa nne. Ya tatu ni San Marco 5: Ijumaa, 25 Machi 1988, saa 19:50 za Greenwich. Kwetu hiyo ni saa nne na dakika 50 usiku. Nilirudia hesabu hiyo mara kadhaa, kwa kuwa mambo yanayolingana vizuri hivi hunitia shaka. Je, mtu aliye ndani ya ndege angeweza kuiona?

Angeweza. Kutoka mita 10,000 upeo wa macho unafika kama kilomita 350, na roketi iliyokwisha kupanda huonekana mbali zaidi. Wapo wanaoongeza kwamba abiria walisikia mngurumo, hilo nimelitupa. Kwa kilomita 120 tu sauti ingechukua karibu dakika sita, na mbele ya kelele za injini isingesikika. Tatizo langu ni kiti. Ukitoka Nairobi kwenda Mombasa, kulia ni upande wa Kilimanjaro. Ngomeni iko kushoto. Mzee aliona nini, au ndege ilikuwa inaelekea wapi?

Nikarudi kwake. “Nilikuwa natoka Mombasa,” akasema, kama jambo ambalo kila mtu alilijua. Ndege ya Mombasa, lakini iendayo Nairobi, na kwa safari hiyo Ngomeni inakuwa upande wa kulia. Alikuwa anampeleka binti yake chuoni. Mkewe akadakia kutoka jikoni: “Baba Zuhura, mwaka sabini tulikuwa hata hatujaoana!” Mzee akanyamaza, kisha akashikilia palepale kwamba ilikuwa Jamhuri. Nimsadiki nani?

Namsadiki mke kuhusu mwaka, na mume kuhusu moto. Roketi ya 1970 haikuonwa na abiria yeyote usiku, kwa sababu haikurushwa usiku. Aliyoiona mzee, nadhani, ni ile ya 1988, setilaiti ya mwisho kurushwa kutoka Ngomeni. Bado nadai karatasi. Orodha ya abiria sikuipata, wala ratiba inayothibitisha kwamba kulikuwa na ndege hewani saa hiyo. Kama kabatini kwenu kuna tiketi ya Mombasa–Nairobi ya Ijumaa, 25 Machi 1988, au daftari la rubani aliyeruka usiku huo, tafadhali msiitupe kabla sijaiona.