Chakubanga, SANI na Ladha Iliyopotea

Ndugu wanafunzi wa zamani, nanyi wadogo zetu mlioko madarasani,

Nani kati yetu asiyekumbuka jinsi nakala moja ya SANI ilivyozunguka bwenini mpaka jalada likatoka? Mmoja alishika, watano wakachungulia begani mwake, na mwenye sauti akasoma maneno ya Ndumilakuwili kwa kuigiza. Lakini leo tukikutana, wengi husema kwamba hadithi za picha hazina ladha tena. Je, zimechuja hadithi au tumechuja sisi?

Hebu tuitazame historia kidogo. Mwaka 1967, mwaka ule wa Azimio la Arusha, mchoraji Christian Gregory alianza kumchora Chakubanga katika Uhuru, gazeti la TANU. Huko Kenya, wasomaji wa Taifa Leo walikuwa na Juha Kalulu wa Edward Gitau. Katika miaka ya 1970 likazaliwa jarida la SANI, lililoanzishwa na Saidi Bawji na Nico ye Mbajo, nalo likapata jina kutokana na silabi za mwanzo za majina yao. Humo Lodilofa, Pimbi na Madenge walipata umaarufu. Philip Ndunguru, mmoja wa wachoraji wake hodari, alifariki mwaka 1986 akiwa bado kijana, na wahusika aliowachora wakaendelezwa na mikono mingine.

Mimi nami niliwahi kuikinai burudani hii. Siku moja nikiwa likizo nyumbani Lupepo, nilifungua sanduku la bati nikakuta majarida tuliyorithi kwa kaka zetu. Nilipekua kurasa kumi, sikucheka hata mara moja, kwa maana kila mzaha niliujua mwisho wake. Nilikuwa karibu kuyapeleka jikoni yakawashie moto. Ndipo mpwa wangu akauliza, "Mjomba, mbona suruali hii imepanuka chini kama kengele?"

Nikamweleza habari za bugaluu, na jinsi Operesheni Vijana ya mwaka 1969 ilivyopiga vita sketi fupi na suruali za kubana. Swali likazaa swali. Tukaangalia viatu, redio, mitindo ya nywele, na jinsi watu walivyoamkiana. Tukalinganisha mkono wa mchoraji huyu na wa yule. Mvua ikanyesha hadi jioni, nasi hatukumaliza jarida moja. Nikatambua kwamba miaka yote hiyo nilikuwa nikikimbilia kichekesho cha mwisho, tena nikisoma peke yangu, nikiruka yote yaliyochorwa njiani.

Basi, ndugu zangu, aliyechoka na asome polepole, na asome pamoja na mwenzake, hasa aliye mdogo kwake. Lakini hilo litawezekana tu kama majarida yenyewe yatakuwapo. Unyevu wa Rungwe hauna huruma kwa karatasi. Nusu ya sanduku langu lilikuwa limekwisha ota ukungu. Mkutano wetu ujao, kila mwenye nakala ya zamani na aje nayo, tuziweke kabatini katika maktaba ya shule, mahali pakavu. Vijana hawa watauliza maswali, na sisi tutacheka upya.

Wahenga walisema, cha kale dhahabu. Tusikiwashie moto.