Karatasi za Meru: maandishi ya imani na madai, kutoka Akheri hadi Azimio la Arusha

Kati ya machapisho ya mwanzo yaliyoitangaza Akheri ya Mlima Meru huko Ulaya ni kijitabu cha dini kilichotolewa Ujerumani mwaka 1897. Kilisimulia maisha ya Ewald Ovir na Karl Segebrock, wamisionari wawili vijana wa Misheni ya Leipzig, waliouawa Akheri usiku mmoja wa Oktoba 1896 pamoja na Wachagga kadhaa waliofuatana nao kutoka Kilimanjaro. Wasomaji wa Kilutheri walikipokea kama kisa cha mashahidi wa imani. Kwenye miteremko ya Mlima Meru mambo yalionekana vingine kabisa. Wahubiri hao walifika wakati kikosi cha Kapteni Kurt Johannes wa Moshi kilipokuwa kinazunguka maeneo hayohayo, na vijana wa Kiarusha na Kimeru waliowavamia hawakuwa na sababu ya kutenganisha mwenye Biblia na mwenye bunduki. Kisasi cha Wajerumani kilikuwa kikali: nyumba zilichomwa, migomba ikafyekwa, ng'ombe wakaswagwa kwa maelfu, na mtawala wa Wameru, Mangi Matunda, akauawa. Mwaka 1900 mangi mwingine wa Meru, Lobulu, alinyongwa. Hayo yote kijitabu hakikuyabeba, na mlimani hakukuwa na mtu wa kukisoma.

Miaka hamsini na mitano baadaye Wameru waliandika habari zao wenyewe, na safari hii wasomaji walikuwa mabalozi wa mataifa jijini New York. Kilichotokea kati ya nyakati hizo mbili ni historia ya jinsi kusoma na kuandika kulivyohama kutoka mikono ya misheni hadi mikono ya wadai ardhi.

Misheni ya Leipzig ilirudi mwaka 1902 na kujenga kituo Nkoaranga, juu kidogo ya Akheri. Pamoja na kanisa zilikuja shule, na pamoja na shule vikaja vitabu vya kufundishia kusoma, katekisimu na nyimbo. Kwa miaka mingi karatasi yenye chapa iliyoingia nyumba ya Mmeru ilikuwa ya kidini. Katika Tanganyika nzima hali haikuwa tofauti sana. Magazeti ya kwanza ya Kiswahili yalikuwa ya makanisa, kama Pwani na Bara la Walutheri na Rafiki Yangu la Wakatoliki, yote mawili ya mwaka 1910, au ya serikali na shule zake, kama Kiongozi la Tanga. Waingereza walipochukua nchi walianzisha Mambo Leo mwaka 1923. Gazeti la kwanza la Mwafrika aliyelimiliki na kulihariri mwenyewe, Kwetu la Erica Fiah wa Dar es Salaam, lilisubiri hadi 1937.

Karatasi iliyowatia hofu watawala haikupitia mitambo hiyo. Mwaka 1908 ilisambaa huko Lindi, kisha sehemu nyingine za pwani na bara, barua iliyojulikana kama Barua ya Makka. Ilisimulia ndoto ya Sheikh Ahmad, aliyetajwa kuwa mlinzi wa kaburi la Mtume, na iliwahimiza Waislamu watubu kwa kuwa siku za mwisho zimekaribia. Mtu aliyeipokea alitakiwa kuinakili na kuipeleka mbele, kwa hiyo haikuhitaji mtambo wa chapa wala mhariri. Kila msomaji alikuwa mchapaji. Maneno yake yalikuwa ya toba, lakini Vita vya Maji Maji vilikuwa vimezimika mwaka mmoja tu nyuma yake, na maofisa wa Kijerumani waliisoma kama wito wa uasi. Waliichunguza misikiti, wakakamata watu, wakatafuta chanzo chake hadi Unguja. Katika Afrika Mashariki ya wakati huo mpaka kati ya waraka wa dini na waraka wa siasa uliwekwa na polisi zaidi kuliko na mwandishi.

Huko Meru jambo lililowalazimisha watu kushika kalamu lilikuwa ardhi. Tangu miaka ya 1890 Wajerumani waligawa mashamba ya walowezi chini ya mlima, na kuanzia mwaka 1905 hivi Makaburu kutoka Afrika Kusini walipewa ardhi upande wa kaskazini na mashariki. Mlima ukazungukwa na mshipi wa mashamba ya wageni: juu msitu wa serikali, chini walowezi, na wenyeji katikati na vihamba vyao vya migomba na kahawa. Baada ya Vita vya Kwanza Waingereza walitaifisha mashamba ya Wajerumani kama mali ya adui, lakini sehemu kubwa waliiuza tena kwa walowezi wengine badala ya kuirudisha. Watu walizidi kuongezeka, mifugo ikakosa njia ya kwenda malishoni, na Wameru wakaanza kununua kwa fedha yao ardhi iliyokuwa ya babu zao. Mashamba mawili huko Ngarenanyuki waliyapata kwa njia hiyo.

Mwaka 1946 serikali ilimteua Jaji Mark Wilson kuchunguza suala la ardhi katika Arusha na Moshi, na taarifa yake ikatoka mwaka uliofuata. Ilikiri kwamba wenyeji wamebanwa. Hata hivyo ilipendekeza pia kwamba eneo la kati ya Meru na Kilimanjaro liwe ukanda mmoja usiokatika wa mashamba ya Wazungu, ya ng'ombe wa nyama na maziwa. Kwa sababu hiyo Wameru wa Ngarenanyuki na Leguruki walitakiwa kuhama, hata kwenye yale mashamba waliyoyanunua, na kupelekwa King'ori, nchi ya chini zaidi ambayo wao waliiona kuwa ya mbung'o na homa. Ni vigumu kuisoma taarifa ya aina hiyo leo bila kustaajabu jinsi mantiki yake ilivyonyooka: waliobanwa wapunguziwe mbano kwa kunyang'anywa.

Upinzani ulikuwa na mahali pa kushikia. Wakati huohuo Wameru walikuwa katika mgogoro wa katiba ya utawala wa kienyeji na Mangi Sandi, aliyeonekana na wengi kuwa mtu wa serikali, na mgogoro huo ulizaa chama kilichoitwa Meru Citizens Union. Waliokiongoza walikuwa wengi wao watu wa shule za misheni, wakulima wa kahawa na wafanyabiashara wadogo, waliojua kuandika barua rasmi, kutunza daftari la michango na kuweka kumbukumbu za mkutano. Wawili kati yao, Kirilo Japhet na Rafael Mbise, wakawa sauti ya kudai ardhi. Mwanasheria wao alikuwa Earle Seaton, mzaliwa wa Bermuda aliyefungua ofisi Moshi na aliyekuwa pia mshauri wa Wachagga katika siasa zao.

Silaha waliyoichagua ilikuwa ombi la maandishi. Tanganyika haikuwa koloni la kawaida. Tangu mwishoni mwa 1946 ilikuwa nchi ya udhamini chini ya Umoja wa Mataifa, na Mkataba wa umoja huo uliwaruhusu wananchi wa nchi hizo kupeleka malalamiko yao moja kwa moja kwenye Baraza la Udhamini. Kila baada ya miaka mitatu baraza lilituma ujumbe kukagua nchi: 1948, 1951, 1954. Mkataba wa udhamini wa Tanganyika ulikuwa na kifungu kinachoitaka Uingereza iheshimu haki za wenyeji katika ardhi, na hapo Seaton alipata msingi wa hoja. Ujumbe wa 1951 ulipopita kaskazini, Wameru waliukabidhi malalamiko yao.

Mtu aliyezoea historia ya mapinduzi ya Marekani na Ufaransa atatarajia kijitabu kama kile cha Thomas Paine cha Januari 1776, kinachouhutubia umma na kuuambia uvunje utii. Karatasi za Meru ni za ukoo mwingine. Jamaa zake wa karibu ni yale madaftari ya malalamiko ambayo vijiji vya Ufaransa viliyaandika mapema mwaka 1789 kwa amri ya mfalme: lugha ya heshima, mpangilio wa kero moja baada ya nyingine, na imani kwamba mkubwa akijua ukweli atatenda haki. Tofauti iko kwa anayeandikiwa. Wafaransa walimwandikia mfalme wao, na Wameru walimruka gavana wao, Edward Twining, wakamwandikia mdhamini aliye juu yake. Kuruka huko ndiko kulikokuwa na ukali wa kimapinduzi, hata kama sentensi zenyewe zilikuwa za adabu.

Serikali haikusubiri jibu. Novemba 17, 1951 maofisa na polisi walianza kuwahamisha watu Ngarenanyuki. Watu kama 3,000 waliondolewa katika majuma yaliyofuata. Nyumba zilichomwa na kubomolewa, kanisa likaangushwa, mifugo mingi ikafa njiani au kwenye malisho mapya. Wameru hawakupigana, na fidia waliyopewa waliikataa. Kukataa huko kulikuwa na maana ya kisheria: mtu aliyepokea fedha angeonekana ameridhia, na ombi lao lingepoteza nguvu. Ukubwa wa nidhamu hiyo haukusifiwa vya kutosha katika historia zinazopenda mashujaa wa mapambano ya silaha.

Baada ya hapo maandishi yakazidi. Yaliyotokea yaliorodheshwa, michango ikakusanywa kijiji kwa kijiji, na mwaka 1952 Seaton na Kirilo Japhet wakaenda New York kwa nyakati tofauti. Julai 1952 Baraza la Udhamini lilisikitikia jinsi watu walivyohamishwa bila ridhaa yao, lakini halikuitaka Uingereza iwarudishie ardhi. Shauri likapelekwa mbele zaidi, kwenye Kamati ya Nne ya Baraza Kuu, ambako nchi zilizokuwa zimejikomboa zilikuwa na sauti kubwa zaidi. Kirilo Japhet akawa Mtanganyika wa kwanza kusimama mbele ya Umoja wa Mataifa kudai haki za watu wake. Kamati ilipitisha azimio la kuwaunga mkono Wameru. Lilipofika mbele ya Baraza Kuu lenyewe, Desemba 1952, halikupata theluthi mbili za kura, na likaanguka.

Kwa hesabu ya kisheria, basi, Wameru walishindwa. Kwa hesabu ya siasa ya Tanganyika walikuwa wamefungua mlango. Kirilo aliporudi mwaka 1953 alizunguka nchi pamoja na viongozi wa chama cha TAA akieleza kilichotokea mlimani na alichokiona New York, na maandishi yaliyokuwa yameandikwa kwa mabalozi yakawa maneno ya mikutano ya hadhara. Watu wa Kanda ya Ziwa au wa Dar es Salaam hawakuwa na sababu ya kuijua Ngarenanyuki. Sasa waliijua, na wakaelewa kwamba lililowapata Wameru lingeweza kuwapata wao. Chama cha TANU kilipozaliwa Julai 7, 1954, ardhi ilikuwa tayari hoja ya taifa zima. Machi 1955 Julius Nyerere, kiongozi wa TANU, alisimama mbele ya Baraza la Udhamini kupitia njia ambayo Wameru waliitangulia, na Wameru wenyewe walikuwa wamekwishamchagua mangi mpya, Sylvanus Kaaya, mtu aliyekubalika na upande wa wapinzani.

Kuanzia hapo karatasi ya siasa ilibadilisha anayeandikiwa. Mwaka 1957 TANU ilianza kutoa Sauti ya TANU, karatasi ya kurasa chache iliyopigwa taipu na kudurufiwa, sehemu kubwa ikiandikwa na Nyerere mwenyewe. Toleo moja la 1958 lililowashutumu wakuu wawili wa wilaya lilimfikisha mahakamani kwa kashfa. Alihukumiwa kulipa faini ya shilingi 3,000 au kifungo cha miezi sita, akalipa. Mwaka huohuo wahariri wa gazeti la Mwafrika, Robert Makange na Kheri Rashidi Baghdelleh, walifungwa gerezani kwa makala waliyochapisha. Ombi la Wameru halikumfunga mtu yeyote, kwa kuwa lilielekezwa juu na kulindwa na Mkataba wa Umoja wa Mataifa. Maandishi yaliyoelekezwa kwa wananchi wenyewe yalikuwa na hatari yake.

Baada ya Uhuru kijitabu kilihamia upande wa wenye dola. Mwaka 1962, akiwa nje ya serikali, Nyerere alitoa maandiko mafupi kadhaa, likiwemo Tujisahihishe, lililokikosoa chama chake mwenyewe. Kilele cha jadi hiyo kilifikiwa mjini Arusha. Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana huko Januari 26 hadi 29, 1967, na Februari 5 Azimio la Arusha likatangazwa Dar es Salaam. Lilitungwa kwa Kiswahili na kutolewa kama kijitabu cha bei ndogo: lilianza na imani ya chama, likaeleza ujamaa na kujitegemea, likamalizia na masharti ya uongozi. Siku iliyofuata serikali ilianza kutaifisha mabenki. Mpangilio wake, imani kwanza na kanuni za maisha baadaye, ungemkumbusha katekisimu mtu yeyote aliyesoma Nkoaranga, ingawa maudhui yalikuwa ya dunia hii. Kifungu cha Azimio kinachowazuia viongozi kumiliki nyumba za kupangisha na hisa kwenye makampuni kilikuwa na makali ambayo ombi la 1951 halikuwa nayo, kwa sababu sasa mwandishi alikuwa na uwezo wa kutekeleza alichokiandika.

Mwaka huohuo wa 1967 shauri la Meru liliingia kwenye vitabu. Earle Seaton na Kirilo Japhet walitoa The Meru Land Case jijini Nairobi, wakikusanya humo mlolongo wa kesi na hoja zake, na Mmarekani Anton Nelson, aliyeishi na kufanya kazi na Wameru, akatoa The Freemen of Meru. Vyote viwili viliandikwa kwa Kiingereza, kwa hiyo habari kamili ya ombi hilo iliwafikia wasomaji wa vyuo vikuu kabla ya kuwafikia wajukuu wa waliolichangia. Ngarenanyuki leo ni kata ya Wilaya ya Meru, na Wameru wanalima huko nyanya na mazao mengine kwenye ardhi waliyoondolewa mwaka 1951.