Kisutu: Mtaa Wetu na Daftari Lake

Katika maadhimisho haya ya hekalu letu, wengi wataandika juu ya jengo, ibada na wafadhili wake. Mimi, niliyekulia nyuma ya kaunta ya duka, naomba niandike juu ya mtaa uliolilea hekalu: Kisutu na mitaa jirani yake, katikati ya jiji la Dar es Salaam.

Wazee wetu walitoka Kachchh na Kathiawar, wakavuka bahari kwa majahazi wakifuata upepo wa kaskazi. Sultani Majid wa Zanzibar alipoanza kuujenga mji huu katika miaka ya 1860, wafanyabiashara wa Kihindi walikuwa miongoni mwa wakazi wake wa awali. Wajerumani walipohamishia hapa makao yao makuu kutoka Bagamoyo mwaka 1891, idadi yao iliongezeka. Serikali za kikoloni zikaugawa mji kwa rangi: Wazungu upande wa bahari, Wahindi katikati, Waafrika Kariakoo, na kiwanja cha Mnazi Mmoja kikaachwa wazi kama mpaka. Tusilisahau hilo. Mtaa tunaouonea fahari ulianza pia kama uzio.

Hata hivyo, kila asubuhi biashara iliuvuka uzio huo. Maneno kama gari, bima na laki, yaliyoingia katika Kiswahili kutoka lugha za Bara Hindi, ni ushahidi wa mazungumzo ya kaunta.

Nyumba zetu zilikuwa na mpango mmoja: duka chini, familia juu, ua na jiko nyuma. Juu ya ukuta wa mbele, fundi aliandika kwa saruji jina la mwenye nyumba na mwaka wa ujenzi. Alfajiri mzee alifungua milango, akafukiza udi mbele ya picha ya Lakshmi, na mteja wa kwanza hakupewa kitu kwa mkopo, kwani mauzo ya kwanza ndiyo yaliyobeba heri ya siku.

Jioni mtaa ulikuwa wa watoto. Dukani kulikuwa na sinia za jalebi, penda, barfi na ladu. Barazani kinamama waliuza kashata za nazi na za karanga, visheti na ubuyu, na muuza kahawa alipita akigonganisha vikombe vyake. Sisi watoto hatukuuliza kitamu kipi ni cha Mhindi na kipi ni cha Mswahili. Tuliuliza bei tu.

Kisha ikaja Sheria ya Utwaaji wa Majengo ya mwaka 1971. Majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 yakawa mali ya Serikali, na yaliyozidi umri wa miaka kumi hayakulipiwa fidia. Nia ilikuwa kupunguza tofauti kati ya wenye nacho na wasio nacho, na wapo walioielewa. Lakini familia nyingi zilifunga maduka, zikahamia Uingereza na Kanada. Waliobaki wakawa wapangaji, wakaendelea kufungua milango alfajiri.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 bidhaa ziliadimika, na sukari ilipatikana kwa foleni. Nakumbuka Diwali moja ambayo mama hakuwa na sukari hata ya chai. Bibi aliyeuza kashata mbele ya duka letu alikuja na kifurushi cha sukari guru kutoka kwao kijijini. Hakutaka kupokea fedha. Ladu za mwaka ule zilikuwa nyeusi, na sinia ya kwanza ilipelekwa kwake barazani.

Leo nyumba nyingi za ghorofa moja zimebomolewa, na majengo marefu yamesimama mahali pake. Soko la zamani la Kisutu nalo limepisha soko jipya la ghorofa. Siupingi ujenzi, mji usiojengwa hufa. Ila nyumba inapoanguka, jina na mwaka vilivyoandikwa ukutani huondoka na kifusi, na habari za bibi wa kashata hazijawahi kuandikwa popote.

Waswahili husema: mali bila daftari hupotea bila habari. Kila Diwali sisi huleta daftari mpya za hesabu zibarikiwe mbele ya Lakshmi na Ganesh. Nawaomba wanachama na majirani, wa dini zote, Diwali ijayo tufungue daftari moja zaidi hapa hekaluni. Kila familia iandike ukurasa mmoja: nyumba ilikuwa wapi, iliuza nini, na nani alikaa barazani kwake. Mimi nitaandika ukurasa wa kwanza, nao utaanza na deni la sukari guru.