Said Mwema na jaribio la kuwapatanisha polisi na raia Tanzania

Said Mwema, aliyekuwa Inspekta Jenerali wa Polisi nchini Tanzania kuanzia 2006 hadi 2013, ndiye afisa ambaye jina lake limefungamana zaidi na mpango wa polisi jamii nchini humo. Kabla ya uteuzi huo alikuwa Nairobi, akiongoza ofisi ya kanda ya Polisi wa Kimataifa (Interpol).

Rais Jakaya Kikwete alimteua Machi 2006 kumrithi Omari Mahita. Ujambazi wa kutumia silaha ulikuwa umepamba moto, ilhali imani ya raia kwa polisi ilikuwa imetikisika. Januari mwaka huo, polisi jijini Dar es Salaam waliwaua wafanyabiashara watatu wa madini kutoka Mahenge na dereva wa teksi, wakidai ni majambazi. Tume iliyoongozwa na jaji ilibaini kwamba hawakuwa majambazi.

Mwema hakulima shamba jipya. Tangu miaka ya 1960 Watanzania walikuwa na mabalozi wa nyumba kumi. Katika miaka ya 1980 Wasukuma na Wanyamwezi waliunda sungusungu kuwakabili wezi wa mifugo, nalo Bunge likawapa mamlaka ya kukamata mwaka 1989. Sungusungu walisifika kwa kuzima wizi, lakini pia walilaumiwa kwa vipigo na mauaji.

Jipya lilikuwa kumleta polisi mwenyewe karibu na watu hao. Maafisa walipangiwa kata, wawajue wakazi na kero zao. Chini ya ulinzi shirikishi, vijana wa mtaa walilinda usiku, wakazi wakachanga fedha, na mshukiwa akatakiwa kufikishwa kituoni akiwa hai. Sharti hilo la mwisho ndilo lililokuwa gumu kutekelezwa, kwani mauaji ya washukiwa mikononi mwa umati hayakukoma.

Gumu zaidi lilikuwa kuwadhibiti polisi wenyewe. Septemba 2, 2012, mwanahabari Daudi Mwangosi aliuawa kwa bomu la machozi alipokuwa akifuatilia mkutano wa CHADEMA kijijini Nyololo, mkoani Iringa, huku akiwa amezingirwa na polisi. Afisa mmoja alifungwa miaka 15 mwaka 2016. Lililojengwa kwa miaka sita ya mikutano ya mitaa lilibomolewa na kisa kilichochukua dakika chache.

Mwema alistaafu mwishoni mwa 2013, na Ernest Mangu akashika hatamu. Mwaka huo huo, baada ya shambulio la Westgate, Kenya ilianza kueneza mpango wa Nyumba Kumi, ulioiga mfano wa Tanzania. Tayari Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011 ilikuwa imeruhusu kamati za polisi na wananchi. Hata hivyo, wakazi wengi husita kupiga ripoti, wakihofia kwamba jina la mtoa habari litamfikia mshukiwa kabla ya polisi kumfikia.