Kuchambua si Kupanga Madaraja

Katika maandishi mengi ya kilimo, neno "uchambuaji" hubebeshwa kazi mbili: kutenganisha sehemu za zao baada ya kuvuna, na kuligawa zao hilo kwa ubora wake. Ukifuata safari ya karafuu kisiwani Pemba, kunakotoka sehemu kubwa ya karafuu za Zanzibar, utaona kuwa kila kazi inastahili istilahi yake.

Karafuu tunayotia kwenye pilau ni tumba la ua lililokaushwa kabla halijachanua. Wachumaji hupanda mkarafuu, wakavuta matawi na kukata vishada vizima pale matumba yanapoanza kuacha ukijani na kuingia wekundu. Vishada hivyo ndivyo vinavyochambuliwa. Mchambuaji hushika kishada kwa mkono mmoja, akakibana kwenye kiganja cha mkono wa pili mpaka matumba yakatike. Upande mmoja zinabaki karafuu, upande wa pili makonyo, yaani vijiti vilivyoshika matumba.

Makonyo nayo ni mali. Kiwanda cha Wawi, Chake Chake, huyatoa mafuta kwa mvuke. Kwa hiyo fasili isemayo kuwa kuchambua ni "kuondoa takataka" haitoshi. Kuchambua karafuu ni kutenganisha bidhaa mbili zilizoota pamoja.

Kupanga madaraja ni kazi ya baadaye. Karafuu huanikwa juani siku kadhaa, majamvini au sakafuni, hadi ziwe na rangi ya kahawia na zivunjike kwa mlio zikikunjwa. Ndipo hupelekwa kwenye kituo cha Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, ZSTC, lililoanzishwa mwaka 1968. Hapo hutazamwa ukavu, rangi, usafi na ukamilifu wake. Kiwango cha kimataifa cha ISO 2254 nacho kinazitaja kasoro moja moja: karafuu iliyopoteza kichwa, tunda lililokomaa mtini, mabaki ya makonyo, na karafuu iliyochacha. Hii ya mwisho hutokea matumba mabichi yakirundikwa yakapata joto; yakikauka huwa na weupe na mikunjo, na hakuna mkono utakaoyarudishia ubora wake.

Hapa ndipo kuchanganya istilahi kunapomwumiza mkulima. Akiambiwa karafuu zake "hazikuchambuliwa vizuri", atarudi nyumbani kutafuta makonyo yaliyosalia, ilhali kosa liko kwenye kurundika au kuanika. Akiambiwa "zimeshuka daraja kwa kuchacha", anajua msimu ujao aanike mapema na atandaze tabaka jembamba. Istilahi sahihi humwonyesha mahali pa kurekebisha kazi yake.

Napendekeza basi waandishi wa miongozo na watunga kamusi watenge maneno matatu. Uchambuaji uwe kutenganisha matumba na makonyo. Upangaji wa madaraja uwe kugawa karafuu kavu kwa ubora. Ufungashaji uwe kuzitia kwenye magunia safi na makavu, kwa sababu karafuu hunyonya unyevu na harufu. Na kabla ya kubuni neno jipya la kazi yoyote ya shamba, watunga istilahi wawasikilize kwanza wanaoifanya: mara nyingi neno hilo liko tayari midomoni mwao, na maana yake imekwisha kupimwa kwa kazi yenyewe.