RoboCop ya zamani na RoboCop mpya: kwa nini picha ikirudiwa wapenzi wake hununa

Msikilizaji wetu mmoja wa Bukundi, wilayani Meatu, alitutumia ujumbe wa sauti akiwa amekasirika. Siku ya mnada alikwenda kwa kijana anayeingiza filamu kwenye simu, akalipa shilingi mia tano na kuomba awekewe RoboCop, ile picha ya askari wa chuma aliyoiona utotoni kwenye banda la video. Usiku akawaita watoto wake na mdogo wake, wakakaa, akabonyeza. Kwa siku nyingi alikuwa amewasimulia habari za askari wa rangi ya fedha anayetembea kwa kishindo. Aliyetokea ni askari mweusi tii juu ya pikipiki, mkono mmoja wa nyama, anayemkumbuka mkewe tangu alipofumbua macho. Ametapeliwa?

Hakutapeliwa. Aliyopewa ni RoboCop kweli, ila ni ya mwaka 2014. Anayoikumbuka yeye ni ya mwaka 1987. Maswali ya namna hii hutufikia mara kwa mara, kuhusu RoboCop, Total Recall na nyingine za maroboti na safari za sayari, kwa hiyo tumeona tuieleze hii moja kwa urefu. Hasira yake, kwa taarifa yake, anayo pamoja na watu wengi sana duniani.

Steringi anayekufa mapema

Kwenye banda la video kulikuwa na sheria ambayo kila mtoto aliijua: steringi hafi. Anaweza kupigwa, kufungwa kamba, hata kutupwa mtoni, lakini mwisho wa picha atasimama yeye. RoboCop iliivunja sheria hiyo kabla nusu saa haijaisha. Polisi Alex Murphy (si yule DJ Murphy wa picha za kutafsiriwa) anaingia kwenye maficho ya majambazi, anazingirwa, anapigwa risasi mkono, kisha mwili, kisha kichwa. Anakufa kweli. Sisi tuliokua tukikaa kwenye mabenchi ya mbao tunakumbuka ukimya wa banda zima hapo, watu wakidhani deki imeruka.

Kinachofuata ndiyo hadithi yenyewe. Kampuni kubwa iitwayo OCP, ambayo imepewa mkataba wa kuendesha polisi wa mji wa Detroit, inachukua mabaki ya Murphy na kuyatia ndani ya mashine. Kumbukumbu zake zinafutwa. Anaporudi mitaani ni chombo cha kazi, hajui kama aliwahi kuwa na jina. Ila mwenzake wa doria, Anne Lewis, anaona jinsi anavyoizungusha bastola kidoleni kabla ya kuirudisha mahali pake. Murphy alijifunza mchezo ule ili kumfurahisha mwanawe. Kuanzia hapo anaanza kujitafuta. Anafika kwenye nyumba aliyokuwa akiishi na kuikuta tupu, inauzwa, mke na mtoto wameshahama.

Filamu hii iliandikwa na Edward Neumeier na Michael Miner. Mwongozaji alikuwa Paul Verhoeven, Mholanzi, ambaye aliposoma andiko mara ya kwanza aliliona la kipuuzi akalitupa. Mkewe ndiye aliyelisoma vizuri na kumwambia lina kitu ndani yake. Aliyecheza Murphy ni Peter Weller. Vazi lake lilitengenezwa na Rob Bottin, likawa zito na lenye joto kali, na siku ya kwanza kulivaa tu kulichukua saa nyingi. Mwendo ule wa kugeuza kichwa kwanza halafu mwili ukafuata, ambao watoto wa banda tuliuiga mpaka shuleni, Weller alifundishwa na mwalimu wa maigizo ya bila maneno, Moni Yakim. Na ingawa hadithi ni ya Detroit, sehemu kubwa ilipigwa Dallas, Texas.

Jambo ambalo wengi wetu hatukulielewa tukiwa watoto ni kwamba RoboCop ilikuwa inacheka. Katikati ya mapigano kunawekwa taarifa za habari na matangazo ya biashara ya kejeli tupu. Kuna kikao cha wakubwa wa kampuni ambapo roboti kubwa, ED-209, inaletwa kuonyeshwa inavyofanya kazi. Kijana mmoja wa ofisini anaambiwa aielekezee bastola. Roboti inamwamuru aiweke chini, anaiweka, yenyewe haioni, na inamfyatulia risasi mpaka anaangukia meza. Wakubwa wanashtuka, lakini muda si mrefu mazungumzo yamesharudi kwenye mradi na fedha. Hapo ndipo moyo wa picha ulipo: kampuni iliyonunua polisi, ikanunua na maiti ya polisi.

Ilivyorudiwa mwaka 2014

Safari hii mwongozaji alikuwa José Padilha wa Brazil, ambaye tayari alikuwa na jina kwa picha yake ya mwaka 2007 kuhusu polisi wa Rio de Janeiro, iliyoshinda tuzo kuu ya tamasha la Berlin. Murphy akachezwa na Joel Kinnaman. Hakuwa mtu wa kubahatisha, na tunasema hivyo kwa sababu wapenzi wengi wa ile ya kwanza humsema kana kwamba alikuwa mwanafunzi.

Padilha alibadilisha mambo mengi. Murphy hapigwi risasi na genge. Gari lake linalipuliwa nje ya nyumba yake. Kampuni haifuti kumbukumbu zake: anaamka akijijua, anamjua mkewe na mwanawe, halafu madaktari wanaipunguza hisia kidogo kidogo kwa sababu inamchelewesha kazini. Lewis, aliyekuwa mwanamke, amekuwa mwanamume. Vazi linaanza la fedha kisha bosi wa kampuni anaagiza lipakwe rangi nyeusi. Mkono wa kulia umeachwa wa binadamu.

Kubwa zaidi, damu imeondolewa. Ile ya 1987 ilirudishwa mara kadhaa na wakaguzi wa filamu wa Marekani ikapunguzwe ukatili kabla ya kupewa daraja la kuoneshwa. Ya 2014 ilitengenezwa tangu mwanzo iwe ya kuangaliwa hata na watoto wa miaka 13. Hapo unaona hesabu ya biashara: kijana anayekwenda sinema na wenzake wanne ni tiketi tano.

Wapenzi wa ya zamani walisema nini

Kelele zilianza kabla picha haijatoka, pale picha za vazi jeusi zilipoonekana. Wengi walisema huyo si RoboCop, ni mpanda pikipiki. Ilipotoka wakaongeza: haina damu, haichekeshi, haina hasira. Verhoeven mwenyewe amewahi kusema hadharani kwamba waliorudia picha zake mbili, RoboCop na Total Recall, walizichukua hadithi za ajabu wakazifanya za uzito mno. Tena alitaja jambo la ubongo: Murphy wake alikuwa amesahau, akabaki na vipande vya kumbukumbu, wakati yule wa 2014 anajua kila kitu alichopoteza, na hilo linageuza picha nzima.

Sisi tunaona hoja hiyo ya mwisho ndiyo yenye uzito. Rangi ya vazi mtu anazoea. Lakini utamu wa RoboCop ya 1987 ulikuwa kumtazama mtu akilitafuta jina lake mwenyewe, mpaka mwisho anapoulizwa anaitwa nani na yeye analitaja. Ukimpa jina lake tangu mwanzo, safari hiyo haipo. Padilha aliweka safari nyingine badala yake, na ina nguvu zake: kuna mahali Murphy anafunuliwa vyuma vyote aone kilichobaki cha mwili wake, nacho ni hasa kichwa, mapafu na mkono. Hata waliokuja kuitukana picha walikubali kwamba pale palikuwa na kitu.

Wengine hawakuishia kunung'unika. Mwaka huohuo wa 2014 watengenezaji filamu wadogo wa Marekani wapatao 50 waligawana ile picha ya 1987 vipande vipande, kila kundi likatengeneza kipande chake kwa namna yake, wakaviunganisha na kuitoa bure. Waliiita RoboCop yetu. Detroit nako, mwaka 2011 mtu alimpendekezea meya kwamba mji ujengewe sanamu ya RoboCop. Meya akakataa. Wapenzi wakachanga zaidi ya dola 60,000 kwenye mtandao. Sanamu ya shaba ikatengenezwa, ikakaa miaka bila mahali pa kuwekwa, na ikasimamishwa Desemba 2025. Ni ya askari wa 1987. Wa 2014 hakuna aliyemchangia.

Kwa nini kampuni hurudia? Jina linalojulikana tayari limeshajitangaza. Ya 1987 iligharimu kama dola milioni 13 na kuingiza zaidi ya milioni 50 Marekani peke yake. Ya 2014 iligharimu zaidi ya milioni 100, ikaingiza kama milioni 240 duniani kote, na sehemu kubwa ilitoka nje ya Marekani. Kwa hiyo ilinunuliwa zaidi na watu ambao hawakuwa na deni lolote na ile ya zamani.

Na sauti ya mtafsiri je?

Tukirudi Bukundi, tuliposikiliza ule ujumbe mara ya pili tuligundua kwamba vazi jeusi lilikuwa nusu tu ya malalamiko. Nusu nyingine ilikuwa hii: hakuna anayetafsiri.

Kabla umeme haujafika vijiji vingi vya Meatu, banda liliendeshwa kwa jenereta, na msimu wa kuuza pamba ndio uliojaza mabenchi. Wengi waliokaa pale hawakujua Kiingereza wala hawakukihitaji. Kulikuwa na mtafsiri. Ufundi huu ulishamiri sana Uganda, ambako watafsiri huitwa VJ. Kwetu Tanzania aliyevuma ni Derek Gaspar Mukandala, maarufu Lufufu, wakaja wengine kama DJ Mack, na Kenya yupo DJ Afro. Mtafsiri hutupia sauti yake juu ya picha. Anasema mhusika amesema nini, lakini hapo haishii. Anamtania adui, anamwonya steringi kuna mtu nyuma ya mlango, anaufananisha mji wa Marekani na mtaa unaoujua, na mahali ambapo picha imepoa anaweka maneno yake.

Maana yake picha tuliyoipenda ilikuwa imesharudiwa kabla haijatufikia. Mzungu alitengeneza yake, mtafsiri akatengeneza nyingine juu yake, na hiyo ya pili ndiyo yetu. Kwa hiyo mtu wa Detroit akilalamika amepoteza picha moja, wetu wa Bukundi amepoteza mbili.

Na ya kwetu ndiyo iliyo hatarini. RoboCop ya 1987 ina mwenyewe, imetunzwa na kusafishwa, haitapotea. Picha za kutafsiriwa zilikuwa kwenye kanda na diski za kuchoma. Nyingi zilitafsiriwa bila kibali cha wenye filamu, hivyo hakuna kampuni yenye sababu ya kuzihifadhi. Kanda zimeota ukungu, diski zimechubuka, deki zimeuzwa chuma chakavu.

Uganda kuna mfano wa jinsi sauti inavyoweza kuwa picha yenyewe. Mwaka 2010 Isaac Nabwana wa Wakaliga, Kampala, alitoa Who Killed Captain Alex?, picha ya mapigano iliyotengenezwa kwa fedha ndogo mno, bunduki za kuchonga na helikopta za kompyuta. Nakala isiyo na mtafsiri haipo tena: Nabwana aliifuta ili kompyuta ipate nafasi ya kazi nyingine. Iliyobaki ni yenye sauti ya VJ Emmie akishangilia na kutania mwanzo hadi mwisho. Hiyo ndiyo iliyosambaa duniani, na watu wa Ulaya na Marekani wakaipenda pamoja na sauti yake. Mwaka 2015 Nabwana aliomba wapenzi wake wamchangie dola 160 kwa ajili ya picha nyingine. Wakampa zaidi ya 13,000.

Ukitaka ile unayoikumbuka

Usiombe kwa jina tu. Taja mwaka: RoboCop ya 1987. Zipo pia RoboCop 2 ya 1990 na RoboCop 3 ya 1993, nazo si marudio, zinaendeleza hadithi. Katika ile ya tatu hata mwigizaji ni mwingine. Kabla hujalipa au hujamaliza bando, mwambie kijana akuoneshe dakika moja ya katikati. Vazi la fedha, mdomo na kidevu tu ndivyo vinavyoonekana, ni ya zamani. Mkono wa kulia wa nyama, ni mpya. Na ile ya zamani usiwawekee watoto, damu yake si ya mchezo.

Msikilizaji wetu tulimpa mwaka, na mnada uliofuata akaipata, ya Kiingereza kavu. Usiku aliwapeleka watoto kulala kwanza. Mdogo wake hajui Kiingereza, kwa hiyo ikabidi yeye amtafsirie, na alipokosa maneno aliweka yale aliyoyakumbuka ya yule bwana wa banda. Anasema walipofika kwenye kikao cha ED-209 ilibidi waisimamishe, walikuwa wanacheka mpaka watoto wakaamka.